UMOJA SI KUFANANA



Kijijini kwetu yupo fundi mwashi mmoja, mtu mzima, ambaye siku moja katika mkutano hakuinua mkono. Tulikuwa tunaamua fedha za michango yetu zifanye kazi gani. Mwenyekiti akauliza, "Wanaokubali tujenge zahanati?" Mikono ikapanda kama mabua ya mtama. Mkono wa fundi ukabaki juu ya goti lake. Akasimama akasema kwamba kwa maoni yake yafaa tuanze na tangi la maji, zahanati ifuate, kwa kuwa mganga asiye na maji hatibu mtu. Hakutukana wala hakumtaja mtu. Alisema neno lake akaketi. Mmoja wetu akapaza sauti: "Huyu anatuvunjia umoja!" Tukapiga makofi.

Tangu siku hiyo jina lake lilibadilika. Hakuwa Fundi tena, alikuwa Bwana Pingamizi. Salamu yake iliitikiwa nusu. Watu walipojenga nyumba zao walikwenda kumtafuta mwashi kijiji cha pili, wakaacha wa kwao amekaa barazani na pimamaji lake. Katika arusi ya mtoto wa jirani hakupewa kazi hata ya kupokea wageni. Na mimi ninayeandika haya, ambaye nimekula ugali nyumbani kwake mara nyingi, nilianza kuzunguka njia ya nyuma nisipite mbele ya baraza lake. Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa kuwa anayetaka kuwasahihisha wenzake aanze na nafsi yake.

Zahanati ilijengwa na imesimama. Maji tuliteka kisima cha shule mpaka mambo yakatengenea. Fundi alikosea, na sisi tulikuwa sahihi. Hilo nalisema wazi, maana sikuja kuwatolea ngano ya mtu mmoja mwenye hekima na kijiji kizima cha wajinga.

Miaka mitatu baadaye tukajenga tangi. Likawekwa kwenye mteremko, na msingi wake ukachimbwa kifupi ili tuokoe saruji. Mwenyekiti akauliza, "Wanaokubali?" Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa fundi. Tulifurahi, tukasema mwenzetu amerudi kundini. Masika ya kwanza tangi likapasuka kutoka juu hadi chini, na jasho letu la mwaka mzima likatiririka bondeni. Nikaenda kwake usiku, nikamwuliza, "Fundi, wewe hukuona kwamba msingi ule ni mfupi?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

Akanitazama kitambo, kisha akajibu: "Ndugu yangu, mlinitaka nifanane nanyi. Basi, nimefanana."

Wanachama wenzangu, neno hilo limeninyima usingizi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wako watu kati yetu ambao kila wakisikia wazo geni hukimbilia methali moja tu: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Methali ni ya kweli. Bila umoja tusingaliung'oa ukoloni. Lakini watu hawa wameichukua methali ya wazee wakaigeuza kuwa kifuniko cha chungu, kila mvuke ukitaka kutoka wao hukandamiza. Nawauliza: ni umoja upi wanaoutetea? Umoja wa watu walioamua jambo pamoja baada ya kusikilizana, au umoja wa kondoo ambao mmoja akiruka na wote huruka, ingawa fimbo iliyomrusha wa kwanza imekwisha kuondolewa njiani?

Tuwaeleze wazi. Jambo likiisha kuamuliwa kwa haki, sote tunashika jembe. Mtu hawezi kukataa kuchimba mtaro kwa sababu kura yake ilishindwa. Huo ndio utii wa mwanachama, nao tunaudai kwa kila mtu. Lakini kutii uamuzi ni jambo moja, na kulazimishwa kuwa na moyo uliofanana na moyo wa jirani ni jambo jingine kabisa. Mikono ya mtu ni haki kuidai kwa kazi ya wote. Kichwa chake ni chake. Ukikichukua hicho nacho hukupata mwanachama, umepata kivuli.

Tena tukumbuke sisi tumetoka wapi. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake Waafrika kujiingiza katika siasa. TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai, 1954, na waraka ule ukiwa bado unafanya kazi. Fikirini maana yake. Karani aliyekuwa na mshahara, nyumba na heshima aliambiwa: kaa kimya kama wenzako. Jamaa zake walimwambia hivyo hivyo, na kwa nia njema: usilete balaa, una watoto, fanana na watu. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere aliacha kazi yake ya kufundisha Pugu, kwa sababu hakuweza kushika chaki na chama pamoja. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma wa Dar es Salaam, alipanda jukwaani kuwahutubia wanaume na wanawake wakati ambapo desturi ilimtaka mwanamke akae ndani. Watu hao hawakufanana na watu wa mitaa yao. Laiti wangalifanana, bendera ya Malkia ingaliendelea kupepea miaka mingi zaidi.

Basi ni ajabu kubwa kumwona mtu amevaa beji ya ukombozi kifuani, kisha anamzomea kijana kwa kosa la kufikiri peke yake. Chama kilichoanzishwa na wabishi hakiwezi kufanya ubishi kuwa haramu, isipokuwa kimesahau jina la mama yake.

Kumbukeni pia Tabora, mwezi wa Januari, 1958. Wakoloni walikuwa wameweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi waliuona mpango ule kuwa ni tusi, na walitaka chama kiususe. Mwalimu alisimama upande mwingine, akashauri chama kiingie katika uchaguzi. Hakuamrisha watu wafanane naye. Walibishana, na ubishi ulikuwa mkali, mpaka wengi wakageuka kwa hoja. Ndipo chama kikaingia kikashinda. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akaondoka na kuanzisha chama chake cha Congress. Mwaka 1962 alishindana na Mwalimu katika uchaguzi wa Rais, akapata kura kama elfu ishirini na moja mbele ya kura zaidi ya milioni moja. Wananchi walimjibu kwa kura, na nchi haikuvunjika. Umoja wa kweli hauogopi kuhesabiwa.

Sasa nitasema neno ambalo halitawapendeza baadhi ya wakubwa. Ugonjwa huu wa kutaka watu wafanane haukuondoka na meli ya Gavana. Sisi wenyewe tuliupokea, tukaufuga.

Mkoloni alikuwa na sanduku kwa kila mtu. Tangu sheria yake ya mwaka 1926 ya utawala wa wenyeji, kila Mwafrika alitazamwa kwanza kama mtu wa kabila fulani, chini ya chifu fulani, mwenye tabia alizoandikiwa kitabuni na Bwana Shauri. Mmasai alikuwa wa namna hii, Mnyamwezi wa namna ile. Mtu mwenyewe, na akili yake na ndoto zake, hakuwamo kitabuni. Tulipopata Uhuru tulilivunja sanduku la kabila, na tulifanya vizuri. Lakini baadhi yetu tukachonga sanduku jipya, kubwa kuliko la zamani, tukaandika juu yake "Raia Mwema", kisha tukaanza kuwapima watu kwa kanda ya fundi cherehani.

Nitatoa mfano. Kati ya mwaka 1967 na 1968, katika Mkoa wa Arusha, ilipigwa mbiu kubwa ya kuwataka Wamasai waache rubega zao na kuvaa suruali. Walielezwa kwamba vazi lao ni aibu kwa taifa linaloendelea. Mwezi wa Oktoba 1968, mjini Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa chama ukatangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua, kuanzia Januari 1, 1969. Siku zile zile makundi ya vijana yaliwavamia wasichana Kariakoo na kuwachania nguo hadharani.

Ziwekeni amri hizo mbili pamoja mzitazame. Mmasai aliambiwa: acha vazi la baba yako, vaa la Mzungu. Msichana wa mjini aliambiwa: acha vazi la Mzungu, rudi kwenye heshima ya Kiafrika. Basi shauri lilikuwa nini? Kama lilikuwa utamaduni, Mmasai angaliachwa. Kama lilikuwa maendeleo, msichana angaliachwa. Shauri halikuwa utamaduni wala maendeleo. Shauri lilikuwa kwamba kiongozi fulani alikuwa na picha ya mtu kichwani mwake, na kila asiyefanana na picha ile alikuwa na kosa. Dawa ya kujichubua ina sumu, na kuipiga vita ni haki kabisa. Lakini nani aliyepata afya kwa kuchaniwa sketi kituo cha basi?

Nguo huenda mkaiona ni jambo dogo. Tuingie Songea. Vijana wa chama walioanza kwa taabu mwaka 1960 walikwenda porini, wakalima, wakala njaa, wakajifunza, na baadaye wakakijenga kijiji cha Litowa. Kutoka kwao vikatokea vijiji zaidi ya 15 katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walikuwa na shule yao Litowa na kinu chao cha kusaga unga. Waliamua wenyewe wafanye kazi vipi na wagawane vipi. Hapana mtu aliyewasukuma. Mwezi wa Septemba 1967 Mwalimu alipoandika Ujamaa Vijijini, akasema wazi kwamba ujamaa haujengwi kwa kulazimisha watu, mfano uliokuwa hai mbele ya macho yake ulikuwa wa Ruvuma. Ikapita miaka kama miwili tu. Mwezi wa Septemba 1969 Kamati Kuu ya chama ikakivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na mali zake zikachukuliwa.

Kosa lao lilikuwa nini? Hawakuwa mabepari wala makabaila. Walikuwa wajamaa kuliko wengi waliowavunja. Kosa lao ni kwamba walikuwa wajamaa kwa namna yao wenyewe. Kuna wakubwa ambao hawawezi kustahimili hata jema, kama halikupitia mezani pao likapigwa muhuri.

Na baada ya kuzimwa taa ile tuliona kilichofuata. Mwezi wa Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena, bali ni amri, na iwe imekwisha kabla ya mwaka 1976 kumalizika. Mamilioni ya watu walihamishwa. Walikuwako waliohama kwa moyo, wakapata shule na zahanati, na hayo yasikanwe. Lakini walikuwako pia waliopakiwa kwenye malori, na mahali pengine nyumba zao zikachomwa nyuma yao wasirudi. Mkulima aliyejua kwamba udongo wa mahali papya hauwezi mahindi alinyamaza, kama fundi wetu alivyonyamaza. Aliinua mkono. Alifanana. Mavuno hayakuwa na adabu ya kufanana naye.

Hapo ndipo penye hasara, ndugu zangu. Wanaopenda mikono yote ipande pamoja hudhani wanakusanya nguvu. Kumbe wanatupa maarifa. Mtu akijua kwamba neno lake litamletea upweke, kwanza huacha kulisema. Baadaye huacha kulifikiri. Mwishoni husahau kwamba aliwahi kuwa na neno. Ukimwuliza, "Wewe waonaje?" hutazama kwanza kulia na kushoto. Huyo si mtu mwoga wa kuzaliwa. Huyo tumemfanya sisi, kwa salamu za nusu na majina ya kejeli, kidogo kidogo, pasipo polisi wala jela. Mkoloni alihitaji askari ili anyamazishe mtu mmoja. Sisi tunatumia jirani.

Najua majibu yatakayoletwa. La kwanza: "Haya ni mawazo ya Kizungu. Mwafrika hana habari ya mtu binafsi, Mwafrika ni jamii." Anayesema hivyo hajui jamii yake. Wazee wetu walijua sana hatari ya kijiji kinachokubaliana kwa kila jambo, ndiyo maana wakaweka utani. Mtani ana ruhusa ya kumwambia chifu kwamba ni mchoyo. Huingia msibani akamcheka marehemu mbele ya wafiwa, akasema ukweli ambao mwingine angeusema angepigwa, na hakuna wa kumgusa. Je, huo ni Uzungu? Na ngoma yetu je? Chapuo lina sauti yake na vumi lina sauti yake, wala mpiga vumi hamwambii mwenziwe, "Lia kama mimi." Wangepiga wote mlio mmoja, wachezaji wangekaa chini. Vidole vya mkono havikulingana, na ndiyo maana mkono hushika jembe.

La pili: "Tukiwaacha watu wawe mbalimbali, nchi itapasuka kama za jirani." Haya, tuwatazame jirani. Mwaka 1994, kwa siku mia hivi kuanzia mwezi wa Aprili, Rwanda iliangamizwa. Je, iliangamizwa na watu waliokataa kufuata wenzao? La hasha. Wauaji walimwambia kila Mhutu: fanya kama jirani yako anavyofanya, usipofanya wewe ni msaliti. Agathe Uwilingiyimana, Waziri Mkuu, mwenyewe Mhutu, aliuawa tarehe 7 Aprili, siku ile ya kwanza, naye alikuwa miongoni mwa waliokataa kufuata. Waliowaficha majirani zao darini na mashambani ndio waliookoa heshima ya mwanadamu, na wote walikuwa watu ambao hawakufanana. Mtu aliyezoezwa miaka yote kuinua mkono pamoja na wengi, siku wengi wakiinua panga atainua nini?

La tatu: "Wengi wape." Ndiyo, wapewe. Lakini waulizeni wazee wa mwaka 1991. Tume ya Jaji Mkuu Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Kiasi cha watu wanne katika kila watano walisema chama kimoja kiendelee. Mmoja katika watano alisema hapana. Hata hivyo Tume ikashauri vyama vingi, na Mwalimu mwenyewe, aliyejenga chama kimoja, akaliunga mkono neno la wale wachache. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hapana aliyesema wachache wale ni maadui. Waliona kwamba mtu mmoja katika watano ni watu wengi mno kuwafunga midomo.

Na mkitaka ushahidi kwamba watu huwa na mawazo yao hata wakionekana wamefanana, rudini mwaka 1965. Chama kilikuwa kimoja, lakini katika majimbo mengi waliwekwa wagombea wawili, mmoja alama ya jembe na mmoja alama ya nyumba, na mwananchi akapewa kura ya siri. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, akaanguka. Bila shaka wengi waliomwangusha walikuwa wamempigia makofi mkutanoni. Kura ya siri haikuwabadilisha. Iliwapa tu mahali pa kuwa wao wenyewe kwa dakika moja.

Basi tufanye nini? Kulalamika hakujengi. Naleta mambo manne, nayo yaweza kuanza katika mkutano ujao wa kila tawi na kila kijiji.

Kwanza, mwenyekiti aulize "Nani haafiki?" kabla ya kuuliza "Nani anaafiki?" Akishauliza anyamaze, ahesabu pumzi kumi, asimtazame mtu kwa ukali. Pumzi kumi si nyingi.

Pili, jambo likihusu fedha, ardhi au jina la mtu, kura iwe ya siri. Kofia na vipande vya karatasi havina gharama.

Tatu, neno la waliokataa liandikwe katika muhtasari pamoja na sababu yao, ili tangi likipasuka tujue tulikuwa tumeambiwa nini.

Nne, na hili ndilo gumu, mtu aliyeshindwa kwa kura asiguswe baada ya mkutano. Asalimiwe salamu nzima. Apewe kazi arusini. Asizushiwe jina, wala barazani, wala katika hizi simu zetu ambazo siku hizi zimekuwa uwanja wa kumzomea mtu usiku kucha na yeye amelala. Mwanachama atakayemsusa mwenzake kwa sababu ya neno lililosemwa kwa heshima mkutanoni, huyo ndiye aulizwe kuhusu umoja.

Mwanachama wa TANU aliahidi kusema kweli daima. Ahadi ile haikuongeza kwamba kweli hiyo lazima ifanane na kweli ya mwenyekiti.

Mimi nimekwisha kuanza. Juzi nilipita njia ya mbele, nikaketi barazani kwa fundi. Hatukusema mengi. Nilimwambia kwamba mwezi ujao tunakutana juu ya tangi la pili, na kwamba nitasimama kumwomba aseme. Alinyamaza. Akachukua pimamaji lake, akalifuta vumbi kwa kanzu, akalirudisha ukutani. Sijui kama atasema. Tulichukua miaka kumfundisha kunyamaza, hatuna haki ya kumdai sauti yake kwa siku moja.

Lakini siku ya mkutano, mwenyekiti akiuliza, mimi nitatazama mkono wake kwanza. Na ukibaki juu ya goti, nitashukuru.

UHURU NA UMOJA!